Nyumba Iliyonisema

Nilikwenda Kasulu kwa sababu mtu niliyekuwa nikinywa naye chai Mwanza aliniambia kwamba kule maduka yanafunguliwa kila wiki na mchora vibao hakuna. Mtu wa aina yangu hahitaji sababu nyingine. Nilizaliwa Korogwe, nikamaliza kidato cha nne huko huko, na tangu hapo nimekuwa nikihama na brashi zangu mji hadi mji. Kila mji ninaokaa naanza kuukumbuka kabla sijauacha.

Ilikuwa mwaka 2012, mvua hazijakata. Tulivuka ziwa kwa kivuko asubuhi, tukapita Geita, na lami ikatuaga Nyakanazi. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu. Pale Nyakanazi alipanda askari mwenye bunduki akakaa jirani na dereva, maana njia ile ilikuwa na sifa ya majambazi. Nyuma yangu alikaa mama mmoja na jogoo mapajani.

"Afande," akauliza kwa sauti, "wewe umekaa mbele. Wakitokea nyuma?"

"Wakitokea nyuma, mama, wataanza na huyo jogoo."

Basi zima lilicheka, hata wale waliokuwa wakisali kimyakimya. Baadaye tulikwama kwenye tope, wanaume tukashuka kusukuma, na tulipofika Kibondo dereva akasema haendi mbele mpaka kukuche. Tulilala kwenye viti. Asubuhi nikafuta kioo kwa kiganja nikauona mji: mabati juu ya kilima, moshi wa majiko, wanawake wakishuka mabondeni na majembe mabegani. Nilipapenda. Nasema hili mapema kwa sababu mengine nitakayosimulia yataonyesha kama nilipachukia. Kibondo haikunikosea. Kilichonishinda Kibondo ni nyumba moja.

Siku hiyo hiyo tulifika Kasulu. Nilishuka mwekundu kuanzia kope hadi soksi.

Kazi ilikuwepo kweli. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Pangani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu aliyefika huko miaka mingi akifuata biashara na akasahau kurudi. Aliposikia lafudhi yangu akatoka nje ya kaunta.

"Wewe wa wapi?"

"Korogwe."

"Basi wewe ni wa nyumbani, ingawa Korogwe nako ni porini." Kuanzia siku hiyo hakuniita jina lingine ila Mkorogwe. Alinipa kazi ya ukuta wote wa mbele, akanitafutia chumba kwenye nyumba ya wapangaji karibu na soko.

Ugonjwa ulinikuta kwenye ukuta wa mtu mwingine, jirani yake, miezi kadhaa baadaye. Nilikuwa naandika DUKA LA VIFAA VYA SHULE. Nilifika kwenye VIF, nikashuka kwenye ngazi nipumzike, nikashindwa kupanda tena. Sikuwa na homa wala sikuumwa kichwa. Watu hudhani ni huzuni. Huzuni ina sababu, na mwisho wake ni machozi. Mimi sikuwa na sababu, na machozi yalikataa kutoka. Nililala chumbani siku nyingi nikiangalia dari, na mji mzima ulipita ukisoma DUKA LA VIF na kucheka.

Siku moja katika hizo nilishuka bondeni, nikakaa ukingoni mwa mto tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka. Sikwenda kuvua. Mwishowe mtoto wa mtu alikuja kunywesha ng'ombe, akanisalimia, nikaona haya, nikarudi nyumbani. Sina zaidi ya hayo ya kueleza kuhusu siku hiyo.

Chumba cha pili kwenye nyumba ile alikaa mwanamke mjane, mtu wa Kibondo, aliyekuwa akinunua maharagwe Makere na kuyauza sokoni Kasulu. Tulikuwa tukisalimiana tu. Alipoona mlango wangu haufunguliwi alianza kugonga. Aligonga mpaka nikafungua ili aache kugonga. Alikuwa na bakuli la uji.

"Kunywa."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Kunywa, nina maharagwe yananisubiri."

Alikuja hivyo kila siku. Kisha siku moja akaja na bodaboda mlangoni, akaniweka katikati, yeye akakaa nyuma, tukaenda hospitali mshikaki kama wanafunzi waliochelewa. Huko tulimkuta muuguzi mmoja, mama wa makamo aliyesomea magonjwa ya akili. Alinisikiliza bila kuandika chochote kwa muda mrefu, kisha akaniambia kitu nilichonacho kina jina, kinaitwa sonona, kina dawa, na mimi si wa kwanza. Akanikataza pombe kwa muda wote wa dawa. Nilitoka pale na vidonge kwenye bahasha ya kaki, na yule mwanamke wa maharagwe amesimama nje, mikono kiunoni, akimfokea mwenye bodaboda kwa kutaka kuondoka.

Nilipona taratibu. Nikamalizia ule ukuta. Na kwa sababu yeye ndiye aliyenitoa, yeye ndiye niliyemwambia habari za mtoni. Mwingine sikumwambia, hata muuguzi. Huyo mama wa maharagwe nilimwambia mwaka uliofuata. Tulikuwa tumekaa uani tukichambua maharagwe yake, tukitoa mawe. Alisikiliza, akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Hiyo tuiache hapa hapa." Nilimwamini kama unavyoamini sakafu unapokanyaga.

Tulioana mwaka 2013. Yeye ndiye aliyeanzisha maneno.

"Wewe unapika vibaya," alisema. "Mimi napika vizuri. Unangoja nini?"

Baba yake alikuwa amemwachia nyumba na shamba Kibondo, na biashara ya maharagwe ilikuwa imemchosha. Tukahamia huko. Nilijua nitasemwa. Mwanamume anayekwenda kukaa kwa mke, watu hawasemi ameoa, wanasema ameolewa. Wiki ya kwanza tu nilisikia vijana wa bodaboda wakiniimbia nikipita: "Bibi harusi huyo! Shela umeacha wapi?" Niliwapungia mkono. Nilikuwa mzima, na mtu mzima anaweza kutaniwa.

Ukoo wa mke wangu ulitoka Burundi enzi za babu, na sasa walikuwa raia na wakulima kama majirani zao. Walivuka na desturi zao, na mojawapo ni chungu. Pombe ya mtama, wenyewe wanaiita impeke, huwekwa katikati, wanaume wakakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kupewa mrija ni kupewa kiti. Ukinyimwa, hata kama hakuna aliyefungua mdomo, umeshaambiwa. Siku ya kunikaribisha, kaka mkubwa wa mke wangu alinichagulia mrija mwenyewe, akaupuliza kuhakikisha hauna kitu, akanipa. Mimi nilikuwa bado natumia dawa. Nikauingiza kwenye chungu, nikauweka mdomoni, nikabonyeza mashavu ndani kama mtu anayevuta, wala sikumeza. Nilipoinua macho nilimwona mke wangu mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameniona. Akanikonyeza, akaingia ndani akicheka peke yake.

Nikiulizwa ndoa yetu ilikuwa nini, ningependa kusema ilikuwa kile kikonyezo. Kwa mwaka mmoja ilikuwa hivyo kweli. Kila kwenye chungu nilivuta hewa, shemeji zangu wakanisifu kwamba silewi upesi, na sisi wawili tukarudi nyumbani tukicheka njia nzima.

Masimango yalianza kidogo kidogo, siwezi kusema siku. Kazi Kibondo zilikuwa chache kuliko Kasulu, na shambani mimi ni hasara. Nilipalilia mahindi nikang'oa na mahindi yenyewe. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha likaacha kuchekesha. Niliamka, akasema nimechelewa kuamka. Nilipoamka mapema, alisema naamka mapema nakwenda wapi. Nikikaa kimya alisema nimeanza tena. Nikiongea sana, alinitazama usoni kwa makini na kuuliza kama nimemeza dawa.

"Wanaume wenzako wako mabondeni," alikuwa akisema huku amenipa mgongo, anakoroga ugali. "Wewe unaangalia dari. Dari ina nini? Imeandikwa?"

Na lile neno ambalo, likishatoka, lilinifanya nisahau nilichokuwa nataka kujibu:

"Mimi nilikuokota Kasulu. Usinifanye nijute."

Kila baada ya muda nilisafiri kwenda Kasulu kuchukua dawa, na yule muuguzi aliniuliza maswali yake: usingizi, chakula, kazi. Safari moja mwaka 2014 akafunga mlango, akauliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Baba, nyumbani unasemwa?"

"Kila mtu aliyeoa anasemwa."

"Sikuulizi kila mtu. Nakuuliza wewe. Unasemwa kiasi gani?"

Nikatania. "Kama chumvi kwenye mboga."

"Chumvi ikizidi mboga inaliwa?"

Akanieleza, kwa sauti ile ile ambayo hueleza vidonge, kwamba amekaa na wagonjwa wa sonona miaka mingi, na kwamba akitaka kujua nani atarudi kwake upesi, haangalii sana alivyokuwa mgonjwa. Anauliza nyumbani kwake wanaishije. "Dawa inakutoa shimoni," alisema. "Lakini ukienda kukaa na mtu anayekuhesabia makosa asubuhi mpaka jioni, unarudi shimoni na dawa yako mfukoni. Mlete mama tuongee."

Nilimtetea mke wangu. Nilimwambia muuguzi kwamba huyo mama ndiye aliyenileta hapa mgongoni mwa pikipiki. "Namkumbuka," akasema. "Ndiyo maana nasema mlete."

Nilipofikisha ujumbe, mke wangu alikataa. Yeye si mgonjwa, aende hospitali kufanya nini?

Halafu ikaja siku ya mahari. Binti wa kaka mkubwa alikuwa anaposwa, wageni wakaja na ng'ombe, na sisi wa upande wa binti tukakaa kukizunguka chungu kuwapokea. Nilikuwa siko vizuri majuma hayo. Usingizi ulikuwa umeanza kukatika alfajiri, na brashi ilikuwa imeanza kuwa nzito. Lakini nilivaa shati langu jeupe, nikaenda, nikakaa mahali pangu, nikanyoosha mkono nipewe mrija.

Kaka mkubwa akaurudisha mkono wangu taratibu, kama unavyorudisha mkono wa mtoto kwenye sahani ya wakubwa.

"Hapana, shemeji. Wewe tumekuwekea yako."

Akaletewa soda ya machungwa, imeshafunguliwa. Akaiweka mbele ya miguu yangu.

"Mimi nakunywa na wenzangu," nikasema.

"Daktari amekataza. Au tunamsingizia?"

"Mleteeni na glasi," akasema kaka mdogo. "Huyu mtu wa pwani bwana, hanywi na chupa." Wakacheka. Wageni nao wakacheka, kwa adabu, bila kujua wanacheka nini. Hapo mjomba wao mmoja, mzee mchangamfu aliyekuwa ameshavuta vya kutosha, akataka kumaliza mzaha vizuri.

"Mwacheni na soda yake. Akilewa atakwenda kukaa mtoni tena. Nani amfuate mpaka Kasulu? Nauli yenyewe imepanda!"

Safari hii vicheko vilikuwa vichache. Wenyeji waliangalia chini. Wageni waliniangalia mimi. Sidhani kama mzee yule alikuwa na ubaya. Sidhani kama yeyote pale alikuwa na ubaya. Waliamini wananilinda, wengine, nilikuja kuelewa, waliogopa pia kuvuta chungu kimoja na mtu ambaye akili yake imewahi kuondoka. Nilikaa na ile soda mpaka mwisho. Ilikuwa ya moto. Mlangoni mwa jiko mke wangu alikuwa amesimama, na mara hii macho yetu yalipokutana yeye ndiye aliyegeuka.

Nilimuuliza kesho yake shambani, maana ndani ya nyumba nilishindwa.

"Uliwaambia ya mtoni?"

Hakuacha kulima. "Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Niliwaambia."

"Ulisema tuiache pale pale."

"Niliiacha. Wewe ndiye uliyekuja nayo." Akasimamisha jembe sasa, akanitazama. "Unaamka alfajiri, unakaa kitandani kama gogo. Mimi najifanya nimelala, naangalia kama utatoka nje. Kila siku. Ulitaka nibebe hiyo peke yangu mpaka lini? Wale ni kaka zangu. Nimwambie nani, jembe?"

Ninajua alikuwa amechoka, na kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini ninajua pia kwamba angeweza kuwaambia ninaumwa bila kuwapa ule mto. Alikuwa na maneno mengi ya kuchagua, akachagua lile moja ambalo lilikuwa langu.

Baada ya hapo nilianguka, na kuanguka kwa mara ya pili ni kubaya zaidi kwa sababu unaijua njia. Unaona mlango, unaona ngazi, unajihesabia mwenyewe unavyoshuka. Nililala. Naye alinisema nikiwa nimelala, asubuhi, mchana, akifagia, akichota maji, tena sasa kwa sauti, kwa vile hapakuwa na siri tena ya kulinda. Majirani walikuja kunitazama, wakasimama mlangoni na kusema "pole" wakiangalia vyombo vya ndani. Nilimwomba anipeleke Kasulu.

"Njia unaijua," akasema. "Mimi nina palizi."

Nilikwenda. Sijui nilifikaje, nakumbuka tu kwamba nilishuka stendi na miguu ikanipeleka kwa mzee wa Pangani. Alinitazama mara moja, akamwambia mkewe atandike godoro stoo, katikati ya ndoo za rangi na misumari. Muuguzi akanibadilishia dawa. Nilikaa stoo ile kwa majuma, na katika nyumba ile hakuna aliyeniuliza naendeleaje zaidi ya mara moja kwa siku. Mzee akirudi kutoka msikitini alinikuta nimelala, anasema, "Mkorogwe, hii rangi ya bluu imeganda au ni macho yangu?" nami nikalazimika kuamka kuikoroga. Siku nyingine ilikuwa rangi ya kijani. Baada ya muda nikaanza kuamka kabla hajauliza.

Nilipopata nguvu nilirudi Kibondo. Nikaanza kuanguka tena. Nikaenda Kasulu, nikainuka. Mwenye macho angeona, na mimi niliona, ila nilikuwa nikitafuta sababu nyingine: hali ya hewa, maji, umri. Mtu hataki kuamini kwamba maradhi yake yanakaa kwenye kiti chake mwenyewe, yanapakua ugali.

Mwanzoni mwa 2015 mke wangu alikubali kuja hospitali. Alivaa kitenge chake kizuri. Muuguzi alituketisha ubavu kwa ubavu, akamshukuru kwanza kwa yale ya bodaboda, naye mke wangu akalia kidogo, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Daktari, huyu mwanamume namlea kama mtoto," alisema. "Nikinyamaza naogopa atajidhuru. Nikisema, mnasema namuua."

"Kuogopa uogope," muuguzi alimwambia. "Lakini hofu yako usiitoe kama kosa lake. Ukiogopa mwambie, 'Baba, leo naogopa.' Basi. Na habari zake za ugonjwa zisitoke nje ya ninyi wawili bila yeye kujua. Akienda mbele ya watu, aende kama mzima. Unaweza?"

"Naweza."

"Niahidi mbele yake."

Akaahidi. Alinigeukia, akasema kwa upole, "Sitakusema tena kwa watu." Tulirudi Kibondo siku hiyo tumekaa siti moja, akalala begani kwangu, na nikahesabu miti niliyoijua njiani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Jumamosi moja alinijia uani akasema, "Baba, leo naogopa," nami nikamjibu, "Leo niko sawa, usiogope," tukaendelea na kazi zetu. Niliwaza: kumbe ni rahisi hivi.

Nikatoka kutafuta kazi. Maduka ya Kibondo yalikuwa yanapakwa upya wakati ule. Nilianza na mfanyabiashara wa nguo ambaye nilimfanyia kazi zamani. Alifurahi kuniona, akanipa chai, akasema ana kazi: maandishi ya chini, karibu na mlango.

"Na ya juu?" nikauliza. Ubao mkubwa ulikuwa mtupu juu ya vichwa vyetu.

"Ya juu atafanya mtu mwingine."

"Mwingine nani? Mimi ndiye niliyeuandika ule wa kwanza."

Akaona aibu. Alizungusha kikombe. "Baba, usinichukulie vibaya. Mama alipita hapa. Amesema tusikupandishe kwenye ngazi. Anasema ukiwa juu unaweza..." Akaonyesha kwa mkono, kutoka juu kwenda chini.

"Alipita lini?"

"Juma lililopita. Amepita kwetu wote, mtaa mzima. Anakupenda sana yule mama."

Nilikwenda duka la pili, nikasikia yale yale. La tatu sikuingia. Mchora vibao asiyeruhusiwa kupanda ngazi ni sawa na mpishi aliyekatazwa moto. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma nikiwa nimebeba ngazi yangu, na watoto wakanipisha njia kuliko ilivyohitajika.

Hatukugombana. Nilimuuliza, akasema ndiyo, alipita, na kwamba alimwahidi muuguzi hatanisema, na hakunisema, aliwaonya tu. Aliamini hivyo. Nilimtazama usoni nikaona kwamba ataendelea kuamini hivyo, na kwamba popote nitakapofika katika mji ule atakuwa ameshapita. Usiku ule usingizi ulikatika alfajiri. Nikakaa kitandani, nikasikia pumzi yake ya mtu anayejifanya amelala. Nilijua ninachokisubiri. Nilikuwa nimeshuka ngazi zile mara mbili, na sikuwa na hakika ya kupanda mara ya tatu.

Nilimwambia ninakwenda Kahama kutafuta kazi kwa miezi michache. Nusu yangu iliamini hivyo. Ndiyo maana niliacha koti na viatu vya mvua, na kopo la rangi nyeupe ambalo lilikuwa halijafunguliwa.

Ilikuwa katikati ya 2015. Stendi ya Kibondo ilikuwa imejaa watu waliovuka mpaka kukimbia vurugu za Burundi, kina mama na magodoro vichwani, wazee wamekaa juu ya mabegi, wanaulizana kwa lugha ambayo mke wangu aliielewa yote na mimi nusu. Alinisindikiza akiwa amebeba begi langu dogo, hakutaka nilishike. Alinifungia viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Aliniweka sawa kola. Pale, katikati ya watu wale waliopoteza kila kitu, akinifuta vumbi begani, nilimpenda, na nikajiambia labda ni miezi michache kweli, nikipata nguvu nitarudi, tutaanza upya, yeye ana miezi ya kupumzika na mimi nina miezi ya kupanda ngazi za watu wasionijua.

Konda akaita abiria. Mke wangu akamkabidhi begi, kisha akamvuta pembeni kwa mkono wa shati. Hakushusha sauti, hakuwa mtu wa kushusha sauti.

"Mwanangu, huyu baba mwangalie. Ni mgonjwa, wa kichwa. Mkalishe mbele, na mkisimama kwenye madaraja asishuke."

Konda aligeuka akanitazama. Ninaujua mtazamo ule. Abiria wawili waliokuwa dirishani nao walitazama, na mama mmoja aliyekuwa kwenye siti ya mbele akamhamishia mtoto wake upande wa pili.

Mke wangu alirudi kwangu akitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. "Nimekuombea siti ya mbele," akasema.

"Asante," nikasema. Nilimpa mkono. Aliushika kwa mikono miwili, akasema nisisahau dawa, nikasema sitasahau, na katika hilo sikumdanganya; ninazimeza mpaka leo zinapohitajika.

Nilipanda, nikaipita siti ya mbele, nikaenda nyuma kabisa, kwenye magunia na ndoo za mawese. Konda akanifuata, akiinama huku na huku kati ya abiria.

"Mzee, siti yako ile pale mbele. Mama amesema unaumwa."

"Siumwi."

"Lakini mama..."

"Yule haendi na sisi," nikasema.

Akanitazama kidogo, akachana tiketi yangu, akapiga bodi kwa kiganja, na basi likaondoka.